Mikono Kiunoni mwa Mkwe

Pikimaji, ile pikipiki ya majini, ilimtambua Mama Peresi mara tu alipokikalia kiti cha nyuma. Ilipima uzito wake, kilo sabini na mbili, ikazisogeza betri zake mbele kidogo ili chombo kisielemee nyuma, ikakaza yenyewe vifungo vya jaketi lake la kuokolea, kisha ikasema kwa sauti iliyosikika gati zima la Kinesi: "Abiria, karibu. Weka mikono kiunoni mwa dereva."

Mama Peresi hakuweka mikono popote. Dereva alikuwa mkwe wake.

"Wewe mashine," alisema, uso ameugeuzia vilimani, "mwambie dereva wako nimeshakaa. Aondoe chombo."

Mashine ilijua kuongea lakini haikujua aibu. "Abiria," ilirudia, "mkumbatie dereva kwa mikono yote miwili, tafadhali."

Wanawake wawili waliokuwa wakingoja kivuko walijiziba midomo. Odemba, aliyeshika usukani, alitamani ziwa limmeze. Kilichomuumiza zaidi ni kwamba maneno hayo aliyatunga yeye mwenyewe, neno kwa neno, mezani kwake.

Odemba ndiye mhandisi aliyeiunda pikimaji. Kabla yake, bodaboda za majini zilikuwa zikimwaga watu kila wiki. Alikaa miaka minne akichunguza ni nani hasa anayeanguka, akagundua kwamba karibu wote ni abiria wa nyuma, wale wanaoshika mikanda ya kiti badala ya kumshika dereva, na kwamba huanguka pale dereva anapoongeza kasi ghafla. Ndipo akabuni hisi ya mkono: nyuzi nyembamba zilizofumwa ndani ya jaketi la dereva, zinazojua kama amekumbatiwa au la. Mikono isipokuwepo, pikimaji haiondoki. Mikono ikilegea safarini, inapunguza mwendo yenyewe, taratibu. Miaka sita sasa watu walikuwa wakivuka Ghuba ya Mara kwenda Musoma, wafanyabiashara, walimu, bibi harusi na shela zao, na hakuna hata mmoja aliyezama. Tuseme ukweli, ilikuwa kazi safi, ya mtu aliyekitumia kichwa chake na kuwapenda watu pia.

Ila katika kuwapenda watu hao alisahau kitu ambacho hata mtoto wa Rorya anakijua. Kwa Waluo wa pande hizo, mwanaume hamgusi mama mkwe wake. Hali naye sahani moja, wala hamkazii macho, na wenye kushika desturi barabara huzungumza kupitia mtu wa tatu. Kwa miaka kumi na moja ya ndoa, Mama Peresi hakuwahi kumpa Odemba hata mkono wa salamu. Siku hiyo mtu wa tatu hakuwepo, ndiyo maana mama wa watu alikuwa akiongea na mashine.

Na muda ulikuwa ukiyoyoma. Akeyo, mke wa Odemba, alikuwa amelazwa Musoma, ini lake likiwa limebakiza siku mbili au tatu. Hospitali za wakati ule ziliweza kuchapa figo na ngozi kwa mashine, lakini ini bado lilihitaji kipande kutoka kwa ndugu, na aliyelingana naye ni mama yake peke yake. Upasuaji ulipangwa saa kumi kamili, na chumba hakingeweza kusubiri mpaka jioni. Kivuko kilikuwa kimenasa kwenye magugumaji tangu asubuhi, pikimaji zote za gati zilikuwa zikiwashusha abiria wa kivuko hicho, na barabara ya kuzunguka ingewala saa tatu. Kilichobaki ni pikimaji ya Odemba mwenyewe, ya watu wawili tu. Ilikuwa saa tisa na robo.

"Mama," alisema bila kugeuka, "desturi zetu nazijua. Lakini kwa usalama wako..."

"Mashine, mwambie sitaki kumvunjia mwanangu heshima mbele za watu."

Alisema *mwanangu* kwa upole, na aliyemaanisha ni Odemba mwenyewe. Basi akafanya jambo ambalo angemfukuzia kazi fundi wake yeyote. Akafungua kifuniko kidogo chini ya usukani, akabonyeza kitufe cha fundi, akaizima hisi ya mkono. Mashine ikanyamaza. Mama Peresi akashika mikanda ya kiti, na wakaondoka.

Odemba aliendesha vizuri, hilo hakuna wa kumnyima. Kamba ya kuzimia injini aliifunga kwenye kifundo cha mkono, alipita mbali na vyombo vingine, na meli ya mchanga ilipokatiza mbele yao alipunguza mwendo, akayapanda mawimbi yake kwa mshazari. La kwanza likapita. La pili nalo. Nyuma ya la tatu kulikuwa na pande zima la magugumaji, hatua ishirini tu mbele yao.

Asiyejua pikimaji angeachia kasi. Lakini pikimaji hugeuzwa na maji inayoyasukuma kwa nyuma. Ukiachia kasi hakuna kinachoigeuza, itaendelea kulekule ilikokuwa inakwenda. Odemba alijua hilo kuliko mtu yeyote duniani. Akakata usukani, akaongeza kasi, chombo kikaruka pembeni na kuyakwepa magugu.

Kikawa chepesi.

Aligeuka. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu. Hakuna kengele iliyolia, kwa kuwa kengele ilikuwa sehemu ya kile alichokizima. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani, kwa sababu kule nyuma walikuwa wakizama wanawake wawili, mama na Akeyo wake.

Jaketi lilikuwa limemwibua Mama Peresi, anakohoa, kilemba kimekwenda na maji. Odemba alimkaribia polepole, akazima injini kabla hajamfikia, maana mdomo wa nyuma wa pikimaji ukisukuma maji unaweza kumchana mtu. Mama Peresi akadandia ubavuni, chombo kikalala.

"Sio hapo, tutapinduka! Njoo nyuma, Mama! Kuna ngazi!"

Mama Peresi akakizunguka chombo kwa kupiga maji. Odemba akapiga goti kwenye kiti akamnyooshea mkono. Mama Peresi aliutazama mkono ule, wimbi likampiga usoni, akautazama tena.

"Odemba," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka jina lake. "Nivute."

Akamvuta. Akaiwasha hisi ya mkono, na kabla mashine haijamaliza kusema "Abiria, karibu," mikono miwili ilikuwa imemzunguka kiunoni. Wakaingia Musoma hivyohivyo, mbele ya mashangazi wa ukoo waliosimama gatini wameachama.

Walifika saa kumi kasoro tano, lakini hawakuanza saa kumi. Daktari alitaka kwanza kuhakikisha maji ya ziwa hayajaingia mapafuni mwa mama. Ikapita saa nzima. Odemba aliikaa yote kwenye benchi la korido, nguo zinachuruzika, akisikiliza vyombo vya Akeyo vikilia nyuma ya mlango, na kila dakika aliijua bei yake na aliyeisababisha.

Upasuaji ulifaulu. Siku ya tatu Akeyo alipopata nguvu ya kuongea, kitanda chake kikiwa kimepangwa sambamba na cha mama yake, alimuuliza mumewe, "Mama alivukaje na kivuko kimekwama?"

"Kwa pikimaji. Alinishika kiuno."

"Wewe! Mama yangu?" Akeyo alicheka, akashika tumbo kwa maumivu, akacheka tena. "Mungu wangu, na dunia haikuisha?"

"Kwanza nilimwangusha," Odemba alisema. "Alikataa kunishika, na mimi nikaona haya kumlazimisha. Nikazima hisi ya mkono kwa mkono wangu. Mlicheleweshwa saa nzima kwa sababu yangu. Nusura niwapoteze wote wawili."

Akeyo aliacha kucheka. Odemba akainamisha kichwa.

"Mbona unaishia katikati?" Mama Peresi alisema kutoka kitandani kwake, macho ameyaelekeza kwake moja kwa moja. "Mwambie na kwamba ulirudi."