Leo Usinitaje

Paskalina alikuwa jikoni akichochea moto wa mabanzi. Mjini Mafinga kuni si shida, maana viwanda vya mbao vinazitupa. Shida ni amani ya nyumbani.

Mumewe, Sosthenes, alikuwa fundi wa msumeno. Kiwanda chao kilipofungwa, alibaki bila kazi. Asubuhi alinuna. Mchana alikwenda kilabuni kunywa ulanzi, pombe ya mianzi. Jioni alirudi akitafuta wa kumpiga. Kanisani aliacha kwenda, na ndugu wote aliwakataza kuja kwake. Paskalina alipovimba jicho, aliwaambia watu kuwa amejigonga mlangoni. Maskini mlango huo, ulisingiziwa mengi!

Jioni hiyo Paskalina alisikia sauti ya Sosthenes njiani. Binti yao Esta, mwanafunzi wa kidato cha pili, aliacha kuchambua maharage. Alimshika mama yake kanga.

"Mama," alinong'ona, "leo usinitaje."

"Nisikutaje vipi?"

"Usimwambie baba makosa yangu. Leo tu. Mkono bado unaniuma."

Mwiko ulimponyoka Paskalina. Kila mara mumewe alipoingia amekunja uso, yeye alimwahi kwa maneno. "Esta kaunguza mboga." "Esta kachelewa bombani." Hapo hasira ilimwacha mama ikamfuata mtoto. Paskalina alidhani anamfundisha binti yake adabu. Kumbe alikuwa akimtoa mtoto apigwe ili yeye apone! Mama mzazi! Aliona aibu hata kumtazama Esta usoni.

Hakungoja mumewe aingie. Alimshika Esta mkono ule mzima, wakatokea mlango wa nyuma mpaka kwa jirani yao Joyness. Joyness alikuwa afisa ustawi wa jamii wa kata.

"Kamwene, mama Esta. Mbona mnahema hivyo?"

Paskalina alieleza yote, hata lile la kumtaja mtoto. Kisha akasema, "Lakini baba Esta si mtu mbaya, dada. Kukosa kazi tu ndiko kulikomvuruga."

"Kukosa kazi kunaumiza, sikatai," Joyness alijibu. "Lakini wangapi hapa Mafinga hawana kazi, na hawampigi mtu? Dhiki ikichanganyika na pombe, hatari inakua. Ndugu wakifukuzwa, inakua zaidi, kwa sababu hakuna anayeona. Na nyumba ambayo mama anapigwa, mtoto naye hayuko salama. Baba Esta mwenyewe alilelewaje?"

"Baba yake alikuwa akimfunga kwenye nguzo ya zizi, anamchapa. Huwa anasimulia huku anacheka."

Joyness hakucheka. "Aliyekua kwa kipigo anaweza kudhani kipigo ndiyo malezi. Si lazima naye awe hivyo. Anaweza kujifunza njia nyingine, akikubali kusaidiwa."

"Basi Esta aongeze adabu?"

"Hapana! Kosa si la Esta. Si lako pia kwamba unapigwa. Anayepiga ndiye mwenye kosa. Ila ukificha, anazidi kupata nafasi. Twendeni kwanza hospitali."

Hospitali walipiga mkono wa Esta picha ya eksirei. Mfupa wa mkono ulikuwa na ufa. Paskalina alishika kichwa. Siku zote hizo alikuwa akimtuma binti yake maji kwa mkono uliovunjika!

Joyness aliwapeleka dawati la jinsia na watoto la polisi. Alimfundisha Esta namba 116, ambayo mtoto aliye hatarini huipiga bure. Kisha mama na binti walihamia kwa Bertha, dada yake Paskalina.

Sosthenes alipoitwa polisi alifika akifoka. "Mmenidhalilisha! Mtoto wangu nimemrudi tu, naye anajidekeza!"

Joyness alimwekea ile picha mbele yake. Sosthenes aliitazama. Akaitazama tena.

"Huu mkono nimeuvunja mimi?"

Alikaa kitini, akajifunika uso.

Mambo hayakunyooka mara moja. Aliripoti polisi kila alipotakiwa. Aliacha ulanzi, akateleza, akaacha tena. Alihudhuria ushauri kwa Joyness. Alipata kibarua kwenye karakana ya samani. Paskalina hakurudi kwa kuombwa na wazee. Alirudi pale yeye na Esta waliposema wako tayari, wakijua pa kukimbilia kukiwa na hatari. Bertha naye sasa aliingia nyumba ile bila kuomba ruhusa, na Joyness alipita bila kutoa taarifa.

Jumamosi moja Esta alikuwa akiosha vyombo. Chupa ya chai ilimteleza, ikapasuka kwa kishindo. Paskalina alifumbua mdomo. Akaufumba.

Esta mwenyewe alikwenda uani, ambako baba yake alikuwa akipiga randa ubao.

"Baba, nimevunja chupa ya chai."

Sosthenes aliweka randa chini. Alitia mikono mifukoni. Alivuta pumzi kama Joyness alivyomfundisha.

"Umejikata?"

"Hapana, baba."

"Basi usikanyage vioo. Nitafagia mimi."

Esta alibaki ameduwaa. Alikuwa hajawahi kumwona baba yake ameshika fagio.