Pumzi ya Kibogoyo

Jua lilikuwa linazama mume, mke na binti yao walipofika gereji kuchukua gari lao. Injini ilikuwa imefunguliwa yote, ikachongwa, ikafungwa upya. Sasa ilikuwa inagoma kuwaka, na fundi alikuwa ndani ananawa grisi mikononi.

"Hii inataka kupulizwa tu," mume alimwambia mkewe. "Nilimwona fundi akiipuliza ya jirani."

Akamwinua binti yao mpaka kwenye mdomo wa kabureta, pale injini inapovutia hewa. Mtoto alikuwa ameng'oka meno ya mbele, wakambandika jina la Kibogoyo.

"Haya bibi, puliza kama unapooza uji."

Kibogoyo akapuliza kupitia pengo lake. Baba akarudi kwenye usukani, akazungusha ufunguo. Injini ikawaka mara moja. Wakacheka, mama akiziba mdomo kwa haya.

Fundi akapaza sauti kutoka ndani. "Nendeni mkailainishe taratibu, bado ngumu. Msiikanyage. Ikipata moto, zimeni ipoe."

Wakaenda mwendo wa pole. Mtoto alilala kifuani kwa mama. Ndani ya gari kulikuwa na harufu ya oili mpya... na chini yake harufu nyingine. Harufu ya kinywa cha mtoto.

Kwenye tuta, injini ikazimika.

Kimya.

Mama alihisi kitu kimepungua kifuani pake. Akaweka kiganja puani kwa Kibogoyo.

Hakukuwa na pumzi.

"Baba Kibogoyo," alinong'ona. "Washa."

"Ngoja kwanza ipoe..."

"Washa!"

Injini ikanguruma. Mtoto akavuta pumzi ndefu, ya mkwaruzo. Baba alipokanyaga mafuta, kifua cha mtoto kikaenda mbio. Alipoachia, kikatulia.

Wakatazamana. Mshale wa joto ulikuwa unapanda.

Mama akampigia fundi, simu ikiwa imebanwa sikioni.

"Nani aliipuliza?" fundi aliuliza.

"Mtoto."

"Dada, kazi ile ni yangu. Mimi najua kuichukua pumzi yangu ikishawaka. Mtoto hajui."

"Tufanye nini? Inachemka."

"Msizime." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Aliyenifundisha alisema ikipewa pumzi ya mtu mwingine, huiachia ya kwanza. Mimi sijawahi kujaribu. Na sitaki kujaribu."

Mama akakata simu. Akambusu Kibogoyo utosini, akamlaza kwenye kiti, akashuka kabla mumewe hajauliza kitu.

Boneti iliunguza vidole vyake akiifungua. Akang'oa kifuniko cha chujio la hewa. Mdomo wa kabureta ulikuwa wazi, mweusi, ukivuta... ukivuta... Akainama, akapuliza kila kilichokuwemo kifuani.

Injini ikakohoa. Kisha ikanguruma kwa sauti nzito zaidi.

"Baba, nasikia joto," Kibogoyo alisema ndani ya gari.

Baba akamkumbatia huku machozi yakimtoka. Akamtazama mkewe kupitia kioo, aliyesimama kando ya boneti kwenye mvuke, mkono shingoni.

"Ameamka, mke wangu. Anaongea," alisema. Mkono wake ukaenda kwenye ufunguo. "Hii itaungua. Nizime?"

Mama akafungua mdomo. Hakuna kilichotoka.

Katika nyumba yao, tangu walipooana, mama akinyamaza ndiyo amekubali.