Hema Lililorudishwa

Nilivua viatu, nikakunja uso, nikaingia chini ya hema kuwapa pole watu ambao hawakufiwa.

Msinicheke. Ukikuta hema limesimamishwa uani, jua linazama, na chini yake watu watatu wameketi mkekani kimya, vichwa vimeinama, wewe utafikiri nini? Mimi nilifikiri msiba. Nikapiga magoti kabisa. "Poleni sana," nikasema, na sauti nikaitetemesha kidogo kwa heshima. "Marehemu alikuwa mtu wa watu."

Wakanitazama. Walikuwa wanahesabu skrubu.

"Marehemu yupi?" akauliza mama mmoja wa makamo. Ndiye mwenye biashara ya mahema.

Nyuma yangu mtu alikuwa anakohoa ili asicheke. Huyo alikuwa shemeji yangu, mdogo wa mwisho wa mke wangu. Tulimwita Kipimo kwa sababu hatoki nyumbani bila tepu ya kupimia mfukoni. Mimi nimezunguka nchi nyingi, nimelala bandarini na kwenye mabehewa ya mizigo, na kuna siku niliwahi kuisalimia sanamu ya duka la nguo nikaiuliza na habari za watoto. Lakini aibu ya zile skrubu ilinichoma.

"Nisamehe, mama. Nimekosea."

"Usijali," akasema bila kutabasamu. "Pole haiozi. Iweke."

Tulikuwa tumekuja kununua hema, si kulia. Mimi na mke wangu tunauza magodoro na makochi. Lori la mzigo likifika, ghala halitoshi, magodoro yanalala nje, na godoro lililokunywa mvua hata mbwa halilalii. Kujenga ghala jingine haiwezekani, maana lori linageuka kwenye uwanja huohuo wa ghala. Tulitaka kitu cha kufunguka siku ya mzigo na kujikunja siku zilizobaki.

Kipimo akaanza kazi. Aligonga kila bomba kwa ukucha, akasikiliza kama daktari. Hema la kwanza lilikuwa la chuma. Akanionyesha kutu kwenye maungio, akaguna. La pili lilikuwa la alumini, lakini nyembamba kama kopo la soda.

"Upepo mmoja tu, shemeji," akasema kwa ile sauti yake ya puani, "hili tutalifuata kwa jirani."

La tatu lilisimama peke yake ukutani, limejikunja kama kiwavi aliyeguswa. Alumini nene. Mbavu kumi na sita, kila ubavu na magurudumu yake juu ya reli. Ukilivuta, mita kumi na mbili. Ukilisukuma, mita mbili. Turubai zito, paa lenye mteremko mzuri wa maji. Na lilikuwa rahisi kuliko yote.

"Mbona rahisi?" Kipimo akauliza.

"Lilirudishwa."

"Lina kasoro?"

"Halina. Aliyelinunua alikuwa anahifadhia saruji. Akalirudisha, akasema limejaa."

"Limejaa nini?"

"Hakusema. Lilipofika hapa lilikuwa tupu."

Mama akatusogelea. Akashusha sauti, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa.

"Lina sharti moja. Kabla hujalikunja, mwite kila aliyeingia humo siku hiyo. Aitike mwenyewe, kwa mdomo wake, akiwa nje. Mtu asiitike badala ya mwenzake."

"Na nikiitika badala ya mwenzangu?"

Akanitazama midomo. "Wewe una mdomo mwepesi. Nunua lile la kutu."

Kipimo akanivuta shati. "Shemeji, tuchukue la chuma. Kutu tutapaka rangi."

Nikacheka sana. Nikachagua la tatu.

* * *

Wiki mbili za kwanza lilitufaa kuliko nilivyotarajia. Mzigo ulifika, tukalivuta, magodoro yakalala makavu. Mzigo ukipungua tunalisukuma, lori linageuka bila kugusa kitu.

Mke wangu alilishika lile sharti kama dozi ya dawa. Kila magharibi husimama mlangoni mwa hema na kuita.

"Mume wangu?"

"Nipo nje!"

"Mdogo wangu?"

"Nipo nje, dada!"

Hapo ndipo yeye husukuma upande wa kushoto, mimi wa kulia. Mbavu hugongana moja baada ya nyingine. Ka... ka... ka... Hewa yote iliyokuwamo hutoka kwa mkupuo mmoja. Hilo ni la kawaida, hema lolote la kukunja hutoa hewa. Ila hewa hii haikunuka turubai, wala sponji. Ilinuka kama kinywa cha mtu aliyeamka na njaa.

Nilisema ni magodoro. Kila kitu nilisema ni magodoro.

Sasa niseme ubaya wangu. Nina kipaji kimoja tu duniani, kuiga sauti za watu. Nimevuka mipaka mitatu kwa kuwachekesha maofisa wa forodha kwa sauti ya mkubwa wao. Na sauti ya Kipimo ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Aliugua akiwa mdogo, mama yao ameshazikwa, na mke wangu, binti wa miaka kumi na miwili, ndiye aliyembeba mgongoni kwenda na kurudi hospitali mpaka akapona. Alipona akabaki na ile sauti. Mimi nikaigeuza mchezo. Mashemeji tunataniana, si ndiyo? Kipimo mwenyewe alicheka kila mara. Mke wangu hakuwahi kucheka.

Jioni ile mawingu yalishuka ghafla. Hema lilikuwa tupu, mzigo wote umekwenda dukani. Nilimwona Kipimo akipita ubavuni mwa hema, nikadhani anakwenda chooni. Matone yakaanza. Upepo ukainua turubai. Mimi nilikuwa upande wangu, nyuma ya makochi mabovu yaliyorundikwa juu, hakuna anayeniona.

"Mume wangu?"

"Nipo nje!"

"Mdogo wangu?"

Kimya.

"Mdogo wangu!"

Upepo tu. Nikawaza, atarudi na kumkuta dada yake ameshajibiwa. Mke wangu atanirushia kiatu, tutacheka, tutaingia ndani kabla hatujalowa. Nikabana pua kwa vidole viwili.

"Nipo nje, dada!"

Akasukuma.

Nami nikasukuma.

Ka... ka... ka... Mbavu kumi na tano zilikwenda kama zimepakwa mafuta. Ule wa kumi na sita ukagoma. Haukugoma kama chuma kinavyogoma. Ulikuwa laini. Kama kuna kitu kimeuegemea kwa ndani.

"Sukuma basi, mvua hiyo!" mke wangu akapiga kelele.

Tukaweka mabega.

Ka.

Hewa ikatoka polepole safari hii, ndefu, ya uvuguvugu. Haikuwa na harufu ya njaa.

Ilikuwa na harufu ya shibe.

Mke wangu akainama. "Kandambili za nani hizi?"

Zilikuwa mbili, zimepangwa vizuri, ncha zimeelekea mlangoni mwa hema. Kipimo hakanyagi kwa viatu sakafu iliyopigwa deki.

Tulilivuta lile hema kwa kucha.

Hamkuwa na mtu. Hamkuwa na damu, hamkuwa na nguo. Palikuwa na tepu yake. Kasha lake lilinasa kwenye gurudumu la ubavu wa kwanza, na utepe wa njano ulilala sakafuni, ukanyooka mpaka mwisho, ukapita chini ya turubai la nyuma. Tepu ile ni ya mita tano. Hema ni mita kumi na mbili.

Nilizunguka mbio nyuma ya hema. Nyuma palikuwa na ukuta, na utepe haukutokea popote. Nikarudi, nikaushika, nikavuta.

Ukanivuta.

Mara mbili, taratibu. Ndivyo Kipimo afanyavyo tukipima naye. Akivuta mara mbili maana yake shika hapohapo, shemeji, usiachie.

Kisha kutoka ndani kabisa, mbali kuliko uwanja wetu wote, sauti ikaitika...

"Nipo nje, dada!"

Haikuwa sauti ya Kipimo. Ilikuwa ya kwangu, nikimwiga Kipimo.

Mke wangu aligeuka akanitazama. Yeye aliyemlea mtoto yule alikuwa anajua tofauti. Sasa alijua pia nani aliyemjibu kutoka nyuma ya makochi.

* * *

Tulifungua turubai lote, tukavunja sakafu, tukachimba mpaka maji yakatoka. Utepe hatukuukata, na kila tuliyemwomba atusaidie kuuvuta aliuogopa. Kesho yake magharibi tukaenda kwa yule mama. Alikuwa mkekani, anahesabu.

"Nani aliitika badala yake?" akauliza kabla hatujasalimia.

Mke wangu hakuninyooshea kidole. Hakuwa na haja.

"Basi hema limeambiwa yuko nje," mama akasema. "Litamtoaje mtu ambaye hayumo?"

"Njia ipo?" mke wangu akanong'ona.

"Aliyesema uongo aingie, aseme kweli akiwa humohumo. Mlikunje, kisha mlifungue. Atatoka mmoja."

"Yupi?"

Mama akarudi kwenye skrubu zake. "Yule wa saruji hakujaribu. Alilirudisha tu."

Njia nzima nilizungumza mimi. Nikamweleza mke wangu matapeli wote niliokutana nao safarini, wa hirizi, wa mafuta, wa majini ya kukodi. Nilieleza vizuri sana.

Siku sita sasa. Mke wangu hafungui duka. Anakaa mlangoni mwa hema, kasha la tepu mkononi, na utepe unaendelea kutoka taratibu, tik... tik... kama kuna mtu anatembea nao. Juzi ulisoma mita kumi na tisa. Leo asubuhi, thelathini na moja. Akiuvuta mara mbili, bado unajibiwa mara mbili, ila kwa udhaifu, na kwa kuchelewa.

Jioni hii nimempelekea chai. Nikaketi kando yake, nikamwekea mkono begani, nikaitetemesha sauti.

"Mke wangu, haki ya Mungu, ingewezekana ningeingia mimi, yeye atoke."

Hakulia. Aliinua turubai kwa mkono mmoja, akalishikilia juu.

"Ingia basi," akasema. "Mlango uko wazi."