Ng'ombe wa Udongo wa Bhoke

Ndugu zangu wa Butiama, nanyi majirani wa Bunda, nisomeni hadi mwisho hata kama nitawaudhi. Mimi mwenyewe naandika nikiwa na hasira.

Katika kijiji cha Buswahili, nyumbani kwa Magesa, alasiri ilikuwa tulivu. Mkewe, Rhobi, alikaa uani na binti yao Bhoke, aliyekuwa akingoja kuanza shule. Rhobi alikuwa amefinyanga ng'ombe wa udongo. Ili mtoto awapende, aliwafananisha na wa zizini kwao: huyu pembe imeinama, yule ana baka jeupe la majivu. Bhoke aliwapanga kwenye mkeka.

"Moja, mbili, tatu... Mama, huyu mkorofi anataka kunipiga teke!"

"Mshike mkia, umhesabu kwa nguvu," mama akacheka.

Mimi ninayeandika nilijifunza hesabu ukubwani, kwenye darasa la jioni. Nawaambia, mtoto yule alikuwa amebarikiwa.

Magesa akaingia. Siku hiyo ng'ombe wake mmoja alikuwa amekufa kwa ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe. Hakuwa amewapeleka josho kuogeshwa dawa tangu masika, lakini hilo hakulisema. Alitazama mkeka.

"Kumbe mchawi nalala naye! Ng'ombe hawahesabiwagi, mama Bhoke. Ukiwahesabu wanakufa. Kwenu hamkufundishwaga?"

"Baba Bhoke, huu ni udongo tu. Nataka mtoto asiende shule akiwa mwoga wa namba."

"Udongo wenye baka la ng'ombe wangu?"

Akawaponda wote kwa kisigino. Kisha akamchapa Bhoke vidoleni kwa fimbo ya kuchungia. "Ukihesabu tena utatuua sote!" Rhobi alipomkinga mtoto, alisukumwa akaanguka. Majirani walisikia kilio. Wakasema, "Mambo ya ndani hayo," wakaendelea kupepeta mtama. Baadhi yenu ndio hao, na Jumapili mlikaa viti vya mbele kanisani.

Baadaye Bhoke akapewa kazi ya kuchunga ndama. Jioni moja ndama mmoja alibaki machakani. Mtoto alirudi na ndama waliosalia. Asubuhi ilikutwa mifupa. Fisi walikuwa wameshamaliza.

"Hukuona wamepungua?" Magesa alifoka.

"Niliona, baba."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ningekuwa nimehesabu. Mngekufa."

Mnadhani baba alimwomba radhi? Alimwita mjinga, akachukua fimbo tena.

Januari Bhoke akaanza shule. Mwalimu Eunice, mama mpole, alimwita mbele akamwekea vizibo vya soda mezani.

"Haya mwanangu, viko vingapi?"

Bhoke akaficha mikono mgongoni.

"Nisamehe, mwalimu. Mama yuko peke yake nyumbani. Sitaki afe."

FUNZO

Ng'ombe wanauawa na kupe, si na mtoto anayehesabu. Wapelekeni josho. Udongo, mbegu na vizibo tumepewa bure. Mzazi anayekaa na mwanawe kuvihesabu anafanya kazi njema mbele za Mungu, na anayeviponda anaiponda akili ya mtoto. Nawe jirani unayesikia kilio ukaendelea na ungo wako, usijione u mwema.

Kila usiku namwomba Mungu amwondolee Bhoke hofu ile. Lakini si Mungu aliyeiweka. Tuliiweka sisi, na ni sisi tunaopaswa kwenda kuiondoa.