Pindo la Kokoto

Kila asubuhi fundi cherehani alitoa gari lake uani. Kraa! Magurudumu yalirusha kokoto za njia ya gari hadi kwenye njia ya waenda kwa miguu. Mkewe alitoka na ufagio. Jioni gari lilirudi, ufagio nao ukarudi.

Siku moja mama yake fundi, anayetembea kwa mkongojo, alizikanyaga kokoto hizo. Mkongojo uliteleza, akaanguka. Hakuvunjika, lakini tangu hapo hakutoka nje. Shoga yake wa ng'ambo ya barabara alimpungia mkono kutoka dirishani, naye akapunga. Basi.

"Tuweke ukingo wa kuzuia kokoto," alisema mke.

Fundi akaenda duka la vifaa vya ujenzi. Lo! Kingo za plastiki, za mbao, za chuma, za zege. Muuzaji alizisifu zote. Fundi alirudi kichwa kikimzunguka, kabeba plastiki ya kijani.

"Mbona kijani?"

"Inapendeza."

Aliisimamisha pande mbili za njia ya gari, kama kola. Mdomoni, inapokutana na njia ya watu, aliacha wazi. Kokoto zikamwagika vilevile. Akaongeza plastiki mdomoni. Gari likaiponda.

"Nisipoweka, zinamwagika. Nikiweka, inavunjika. Sielewi!"

Jirani yao, mwashi aitwaye Mama Zege, alicheka ng'ambo ya ua.

"Shemeji, suruali unaipinda wapi?"

"Chini, miguuni."

"Kwa nini si kiunoni?"

"Aa! Chini ndiko inakoburuzwa. Ndiko inakofumuka."

"Basi kokoto zako zinafumukia mdomoni, nawe umeshona kola! Tena plastiki haibebi gari. Chimba mtaro kukatiza mdomo, upande wako, usiguse njia ya watu. Mimina zege. Juu yake laza matofali ya zege, yawe sawasawa na njia ya watu. Yakiinuka, mtu atajikwaa."

"Na kokoto?"

"Zikae chini ya usawa wa ukingo, kwa upana wa vidole viwili. Ukijaza pomoni zitamwagika, kama chai."

"Yaani ukingo usionekane? Nitajuaje kama upo?"

"Muulize mkeo na ufagio wake."

"Na hii plastiki yake?" aliuliza mke.

"Ibaki pembeni. Huko gari halipiti. Mwache shemeji na urembo wake."

Walichimba, wakamimina, wakapima usawa kwa pimamaji. Gari likalala nje mpaka zege likakauka vizuri.

Kisha fundi akaliingiza uani, akalitoa tena. Kraa! Kokoto zikabaki zilipo. Mkewe alisimama na ufagio mkononi, asijue aufanyie nini.

Ndipo mama yake fundi akatokea mlangoni na mkongojo wake. Fundi alimshika mkono. Walitembea polepole, mama macho mbele, midomo kaibana.

"Niambie tukifika kwenye huo ukingo wenu, mwanangu. Nisije nikaanguka tena."

"Tumeshaupita, mama."

Mama aligeuka. Akatazama chini, akatazama nyuma. Akagonga tofali kwa mkongojo, ko, ko.

"Hebu niachie mkono," alisema. "Shoga yangu ananiangalia."