Samaki wa Kwenye Tairi

Siwema alikuwa na miaka sita. Alikuwa na siri kubwa kuliko yeye mwenyewe.

Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na tairi bovu. Mvua ilinyesha, tairi likajaa maji. Ndani ya maji vidude vidogo vilikuwa vinacheza. Siwema akajua tu, hawa ni samaki.

*Chezeni, chezeni, chini, juu!*
*Kueni, kueni, samaki wangu.*

Kila siku aliwapelekea ukoko wa ugali. Wakikua, atamkaangia mama. Wee, mama atafurahije!

Maana mama hakuwa na raha. Hamadi, mdogo wake Siwema, ndiyo kwanza alikuwa amepona homa. Mwili ulimchemka, hata kunyonya hakutaka. Siwema alilia sana siku zile.

Asubuhi moja mama alizunguka uani akimwaga maji. Ya kwenye kopo, mwaa! Ya kwenye kifuu, mwaa! Alisema mbu hutaga mayai kwenye maji yaliyotuama, na mbu ndio waliomletea Hamadi homa.

Siwema huyo, mbio! Akakalia tairi, akatandaza gauni lake. Mama akapita, hakuona kitu. Mtoto mjanja huyu, usimwone hivi.

*Chezeni, chezeni, chini, juu!*
*Kueni, kueni, samaki wangu.*

Kesho yake Siwema aliinama kuwatazama. Samaki mmoja alikuwa ametulia juu ya maji. Mgongo wake ukapasuka, taratiiibu. Kikatoka kichwa. Zikatoka mbawa. Ikatoka miguu mirefu, myembamba.

Samaki gani ana miguu?

Nziii! Akaruka. Akaingia dirishani. Na ndani, Hamadi alikuwa amelala.

Moyo wa Siwema ukadunda, du, du, du. Akamkimbilia mama jikoni.

"Mama, nilikuficha. Samaki wangu ni mbu."

Mama hakugomba. Kwanza alikwenda kumfunika Hamadi kwa chandarua. Kisha akamshika Siwema mkono, wakaenda kwenye tairi.

"Haya, mwanangu. Ulifuga wewe, mwaga wewe."

Siwema akawatazama. Walikuwa wanacheza vizuri, na roho ilimuuma. Lakini Hamadi ndiye ndugu yake. Akashika tairi huku, mama akashika kule, wakaliinamisha. Mwaaa!

*Tokeni, tokeni, chini, chini!*
*Kwaheri, kwaheri, si samaki wangu.*

Mchanga ukayanywa maji yote. Tairi wakalijaza udongo mpaka juu, lisishike maji tena.

Mchana Siwema aliingia chandaruani, akajilaza kando ya Hamadi. Mama akachomeka chandarua chini ya godoro, huku na huku.

Siwema akamgusa Hamadi kwenye paji la uso. Halikuwa na joto. Hamadi akafumbua jicho moja, akamchekea dada yake, akalala tena.

Siwema naye akalala.