Kompyuta ya Oduor Ilivyoitika

Wakhisi alikuwa na kichwa kubwa kuliko soko ya Kibuye, na ndani haina hata fungu moja ya nyanya. Alienda Nairobi kusoma mambo ya waya, akarudi Kisumu anatembea kama ziwa ni ya babake. Hiyo ilikuwa tisini na nane. Mchana mmoja Mama Beldina akamuita ofisini kwake, intaneti ilikuwa inakatika-katika. Feni inazunguka, chai iko mezani.

"Mama, kila mashine iko na namba yake," akajigamba. "Naita namba, inaitika. Ikichelewa, iko mbali. Ikiharakisha, iko karibu. Lakini wewe utaelewa nini?"

Mashine mbili ziliitika. Ya tatu ilikuwa ya marehemu Oduor, mume wa Mama Beldina, imekaa kwa kona bila waya. Oduor alizama Asembo Bay, mwili ikakosekana, ndio wazee wakazika yago, lile tunda refu zito, mahali pa mwili.

"Hiyo usiite," mama akanong'ona. "Yago ikishazikwa, mtu haitwi tena. Ukimuita, anakuja kukuchukua."

"Wajaluo na hadithi! Naangalia tu kama namba iko wazi."

Akaandika namba ya Oduor. Akabonyeza.

Ikaitika.

Polepole sana, kama kitu imetoka mbali. Wakhisi akacheka, cheko ya mtu amekalia mwiba. Akaangalia kona. Waya iko sakafuni. Stima hakuna.

Kwa skrini majibu yakaendelea. Muda ukapungua nusu.

Halafu nusu tena.

"Zima, Wakhisi."

Akazima. Ikakataa. Akachomoa waya ya simu. Majibu yanakuja tu.

"Sasa iko wapi?"

Fundi wa dunia nzima akasoma skrini mara mbili. "Mama... iko hapa ndani."

Harufu ya matope ikajaa. Mlango umefungwa. Kitu baridi ikamshika mikono yote miwili juu ya kibodi, ikavuta. Akapiga nduru mpaka ng'ombe wa kule mbali Awasi wakakata kamba.

"Baba Beldina," mama akanong'ona, "mwache. Huyu ni mjinga tu."

Ikamwachilia.

Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana, kama vya mtu amefua blanketi kutwa nzima. Daktari akapaka hii, akapaka ile. Wapi! Pasaka iliyofuata, mikunjo ilikuwa kwa vidole tu.

Sasa imefika kwa kiwiko.